Shaba ya Mzee Jirani

Nakiri: niliisugua kwa limau na chumvi bunduki iliyokaa miaka mia mbili bila kuguswa na mpumbavu.

Ilikuwa ya mzee jirani yetu hapa Garland, Mmarekani anayekusanya bunduki za kale zilizotengenezwa kwa mikono, ndefu kunishinda mimi. Jumamosi ile alikuwa aipeleke mji wa jirani, Mesquite, ikakaguliwe na wakusanyaji wenzake. Akanionyesha maua yaliyochongwa kwenye sehemu yake ya mti, na kikasha cha shaba kilichopachikwa kitakoni, cheusi tii. Halafu akaingia ndani kupokea simu, akaniacha nayo barazani.

Sasa, sisi Wazanzibari, Idi ikikaribia, shaba yote ya nyumbani inasuguliwa. Nikaona aibu kwa niaba yake. Aende mbele za watu na shaba ile? Nikachupa ua wa kwetu, nikarudi na limau la Mama na chumvi.

Mzee alipotoka, kikasha kilikuwa kinang'aa kama jino la dhahabu. Akakaa chini taratibu.

"Ule weusi ndio uliokuwa ushahidi wa umri wake," akasema. "Sasa watasema nimeinunua jana."

"Lakini imependeza, babu."

Mama alipopata habari alikuja mbio na sahani ya visheti, akaomba radhi kwa lugha mbili. Mzee akavitafuna. Safari ya Mesquite ikafa. Tulipofika kwetu, Mama akanigeukia:

"Mdila wangu wa kahawa unakusubiri uusugue tangu Idi iliyopita, kila siku unasema mkono unakuuma. Kumbe unauma kwa shaba yangu tu?"