Kuonja Maziwa ya Mama

Nilipokuwa mtoto, meno yangu ya kwanza yakiwa bado yote kinywani, ulimi wangu ulikuwa na kazi nyumbani kwetu Kituntu. Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa dawa za miti, na aliamini kwamba mtoto ambaye hajang'oka jino hadanganywi na ladha. Akipika dawa, mimi ndiye niliyeitwa kuonja. Niliona fahari, nisiseme uongo.

Siku hizo Wajerumani walikuwa bado wageni Bukoba, na zahanati hatukuijua hata kwa jina. Mdogo wangu Kamugisha, wa miezi minne, alishikwa na homa. Bibi hakumpa yeye dawa. Alichuma majani ya mubirizi, mti mchungu uliokuwa pembeni mwa kibanja chetu cha migomba, akayatwanga, akayachemsha pamoja na mizizi ambayo hakutaka tuijue, akampa mama anywe. Kwa imani yake, dawa ikimwingia mtoto mchanga moja kwa moja humshinda nguvu. Lazima itembee kwanza mwilini mwa mama, ipoe huko, ndipo imfikie kwa maziwa.

"Tutajuaje kama imefika?" baba aliuliza.

"Maziwa yatakuwa machungu. Huyu atatuambia," Bibi akasema, akanishika kichwa. "Yakiwa matamu, mama yake anaendelea kunywa. Akiacha mapema, mtoto tutamkosa."

Mama alikunywa kibuyu kimoja asubuhi na kingine jioni. Siku ya pili akaanza kutapika. Siku ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka, na akitaka kusimama anashika nguzo. Hakulalamika, maana mbele ya mama mkwe ungelalamika nini. Kila asubuhi Bibi alikamua tone la maziwa ya mama kidoleni mwangu, nami nikalamba. Matamu.

"Aongezewe," Bibi akasema.

Asubuhi ya nne mama alinitazama. Hakunikonyeza. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka. Nikalamba kidole. Maziwa yalikuwa matamu vilevile.

"Ni machungu, Bibi," nikasema.

"Kweli, mjukuu wangu?"

"Machungu sana."

Bibi alimshukuru Mungu, akamwaga dawa iliyobaki kwenye shina la mgomba. Mama akalala kutwa nzima. Kamugisha alikufa kesho yake alasiri, mikononi mwa Bibi.

Sikulia. Watu walisema mtoto wa umri ule haelewi. Nilielewa kila kitu, ila nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa na hausikii. Walinipa maharage nichambue, nikachambua. Bibi alirudia kusema kwamba haelewi ilikuwaje, maana dawa ilikuwa imefika. Hakupika tena dawa ya mtoto mchanga mpaka alipofariki. Mimi hakunishuku hata siku moja.

Nilipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nilimuuliza mganga wa zahanati. Kijana yule alinieleza kwa subira kwamba mwili haupitishi dawa ya miti kama ilivyo. Tumbo hunyonya sehemu tu, ini huivunjavunja na kuigeuza, na kile kidogo kinachofika kwenye maziwa huenda kisiwe na uchungu hata chembe.

"Kwa kuonja tu, bibi, msingejua kitu," akasema.

Nikamshukuru. Nikangoja nafuu ije, haikuja, na maumivu nayo hayakuja. Labda dawa ilikuwa imemfikia mtoto, ikashindwa. Labda haikumfikia kabisa, na ilikuwa inammaliza mama bure. Hakuna wa kuniambia ni lipi.

Yule mganga sikumweleza lililobaki. Mama aliishi akazeeka, akazaa wengine watatu. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa namlisha uji, nikamwambia hatimaye kwamba asubuhi ile nilidanganya. Alimeza kwanza, akafuta mdomo.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeyaonja maziwa mwenyewe kabla bibi yako hajaingia. Nikakuacha useme."

Maisha yangu yote nilidhani nimemwokoa bila yeye kujua. Kumbe alikuwa ameamua kuishi, na akaniachia mimi nitamke uongo huo. Simlaumu. Nilichota kijiko kingine, akafungua kinywa, nikaendelea kumlisha mpaka uji ukaisha.