Sanda Marufuku Kundini

Juzi, katika duka la vitambaa huku Ngamiani, bi mkubwa mwenye duka alikuwa ananipimia pazia, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Jirani amefiwa; kwenye kundi la wasap la mtaa wanauliza sanda itapatikana wapi. Akaandika: "Ninayo dukani, njooni." Papo hapo msimamizi akamwondoa. Kundini ni marufuku kutangaza biashara.

Bi mkubwa akainua nyusi tu, akaendelea kupima.

Mara msimamizi mwenyewe huyo, anahema. "Shikamoo, mama. Maiti anaoshwa, sanda hatuna."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hapa biashara inaruhusiwa."

Akamkatia, na pesa akaikataa. Mwenzangu, sheria isiyojua msiba imetungwa na mtu aliyesahau kwamba naye atavishwa sanda.