Niliyemlilia Mbele ya Mama Mkwe

Ndugu zangu, nina ndevu na kitambi, lakini juzi nilimlilia shujaa wa katuni. Kwenye toleo jipya wamemgeuza katili, anawaua wale wale aliokuwa akiwaokoa! Mama mkwe akanikuta sebuleni natokwa machozi.

“Kulikoni, baba?”

Ningesemaje? “Mama, kuna mtu nampenda tangu utotoni. Alikuwa mwema, sasa ameingiwa na giza.”

Sikudanganya hata neno. Jumamosi akatuletea kina mama wa maombi kutoka mji wa Kikuyu. Walikemea pepo mpaka mabati yakatetemeka, nami naitikia amina. Kisha wakataka picha ya huyo aliyeingiwa na giza waiwekee mikono. Mke wangu, mbaya wangu siku hiyo, akawafungulia picha hiyo kwenye simu yangu.

Mama mkwe akavaa miwani.

“Baba Neema, mbona mgonjwa wetu amevaa chupi juu ya suruali?”