Wegesa na Matairi ya Siku ya Mbio

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Wegesa huibana pikipiki yake kwa magoti, huitikisa na kusikiliza. Mafuta yakicheza ndani ya tangi, hufungua mfuniko, huchungulia kwa jicho moja, hufunga, kisha hutikisa tena. Jana yake jioni ndiyo alitoka kujaza. Wala hakuna wa kumwibia, maana pikipiki hulala naye chumbani, usukani ukigusa neti ya kitanda. Lakini hawezi kutoka bila kutikisa. Majirani wamezoea, na wageni huambiwa kwamba huo ni uangalifu wa mwanamke. Mimi nilikuwepo siku tabia hiyo ilipopata sababu, ndiyo maana anapotikisa huwa naangalia pengine.

Tulijuana Nyamongo, mwaka ule vijana walipokuwa wakimiminika kutoka kila upande kufuata dhahabu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu nikisubiri ajira, nakaa kwa shangazi yangu katika nyumba ndefu ya kupanga yenye vyumba nane. Wegesa alikuwa chumba cha tatu. Kwa miaka mitatu alikuwa ameokota mabaki ya mawe na kuyaponda kwa mikono, mpaka akanunua pikipiki. Alikuwa mwanamke pekee kwenye kijiwe cha bodaboda cha njia panda. Siku ya kwanza alipoegesha pale, dereva mmoja aitwaye Heche, mwenye mdomo kuliko wote, aliwapigia kelele vijana wenzake: "Mura, tumeletewa mpishi!"

"Nimekuja," Wegesa alimjibu. "Lakini sioni hata mmoja wenu aliyeleta unga."

Walicheka, wakampa nafasi ya mwisho kwenye foleni. Ilimchukua mwaka mzima kuhesabiwa kuwa dereva. Na bado kila mtelezo wake, kila pancha, ilisimuliwa wiki nzima. Heche alianguka mara mbili mwaka huo na hakuna aliyesimulia.

Mara tatu kwa mwaka, wakati wa kiangazi, madereva walishindana kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe. Ardhi ya pale ilikuwa imekanyagwa na kwato miaka na miaka mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Waliweka mapipa kwenye kona, wakazunguka mara kumi. Mwaka huo mnunuzi mmoja wa dhahabu aliahidi ndama dume kwa mshindi. Wegesa aliamua kuingia.

Alikwenda kwa Odongo, fundi wa matairi, Mjaluo aliyekulia ng'ambo, Migori, na aliyekuwa na ndugu pande zote mbili za mpaka. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa naelekea njia hiyo hiyo kununua mafuta ya taa.

"Dada, kwanza uniambie," Odongo alisema. "Unakimbia siku ngapi kwa mwaka?"

"Tatu."

"Na watu unabeba siku ngapi?"

"Zilizobaki zote, ukitoa Jumapili."

"Si basi umeshajijibu?"

Hata hivyo alizitoa tairi mbili alizoletewa kupitia mpakani Sirari. "Hii weka ukucha." Wegesa akaweka, ukaacha alama. "Umeona? Mpira laini. Kwa ardhi kavu hii inashika mpaka utaogopa. Lakini angalia mifereji yake, myembamba. Udongo wa huku ukiingia hapo hautoki. Inageuka sabuni. Hizi zako za kashata," akapiga kofi tofali za mpira kwenye tairi la nyuma la pikipiki, "hizi zinatema tope. Ila mnadani zitakuyumbisha kwa kona, Heche akupite akipiga mluzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakufungia laini Jumamosi. Jumatatu asubuhi unakuja, narudisha kashata. Usinipite hiyo Jumatatu."

Alimpa pia kurasa chache zilizochanika kutoka kwenye gazeti la magari la Kiingereza, tukasome. Jioni nilimtafsiria Wegesa akiwa anasafisha mnyororo. Mwandishi alizungumza na watu wanaoendesha kwenda kazini siku za wiki, halafu mara chache kwa mwaka wanakwenda kwenye uwanja wa mbio. Alisema tairi la mbio linashika vizuri likiwa na joto, linaisha haraka, na linapunguza uwezo barabara ikilowa. Alisema mtu achague kwa kuangalia siku zake zilizo nyingi, asichague kwa kuangalia ile siku moja kubwa.

"Ikilowa," Wegesa alirudia, akacheka. "Huyo hajafika kule milimani Susuni. Huko hailowi, inayeyuka."

Kwa hiyo hakudanganywa na mtu. Alielezwa na fundi, na mimi nikamsomea. Naandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hapendi asingiziwe ujinga.

Jumapili ile ya mbio alishinda. Nilisimama nyuma ya akina mama wauza mahindi, nikaona alivyoilaza pikipiki kwenye pipa la tatu, karibu goti liguse chini, akampita Heche upande wa ndani. Heche alishuka akitema vumbi. "Siyo yeye, ni tairi!"

"Basi zipande wewe uone kama zitakuendesha zenyewe," Wegesa alimjibu, na uwanja mzima ukapiga kelele.

Jumatatu hakwenda kwa Odongo. Alipofika kijiweni alikuta watu wakimsubiri. Wachimbaji walitaka kubebwa na bingwa kwenye tairi za Nairobi, ingawa hakuna aliyesema zimetoka Nairobi. Walizigusa, wakaweka kucha zao. Hata Heche aliinama akazitazama, akidhani hakuna anayemwona. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Odongo alikuwa amezitundika tairi za kashata kwenye msumari ukutani, jina la Wegesa limeandikwa juu yake kwa chaki, na kila alipopita alimwita: "Wegesa! Tairi zako zinakusalimia!"

"Kesho, Odongo!"

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Jua lilikuwa bado linawaka.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha Alhamisi, saa nane mchana. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekwenda naye sheli, akajaza tangi mpaka mafuta yakamwagika kidogo kwenye mfuniko. Mvua ilipoanza nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chetu na kitabu. Nilimwona akiingia na pikipiki kwenye kimteremko cha bombani, mbele ya nyumba yetu. Tairi la mbele likaenda kushoto peke yake. Alitupa mguu chini, akateleza, akasimama. Alijaribu tena, la nyuma likazunguka palepale likirusha maji mekundu. Alitazama huku na huku kama kuna mtu ameona. Akazima, akaisukuma kwa mikono mpaka barazani, viatu vyote vimejaa tope.

Nusu saa baadaye akaja Nchagwa, mchimbaji wa chumba cha sita. Alikuwa ametoka shimoni hivyo hivyo, simu mkononi, maji yanamtiririka.

"Dada Wegesa, nisaidie. Wamepiga kutoka nyumbani. Mama ananiita, wanasema nisichelewe."

"Nyumbani Susuni?"

"Susuni. Gari la Tarime limeondoka. Nimetoka kijiweni, Heche anasema kwa mvua hii hata mama yake mwenyewe hamfuati. Nikamwambia kaa na pikipiki yako, mimi bingwa ninaye mlangoni kwangu."

Wegesa aliyatazama matairi. Ile mifereji myembamba ilikuwa imezibwa na udongo, huwezi kujua kama ilikuwepo. Angeweza kusema: haya hayapandi tope, nisubiri nikimbie kwa Odongo anibadilishie. Odongo alikuwa mwendo wa dakika tano, na kazi yenyewe ni ya dakika arobaini. Lakini kwa Odongo kungekuwa na watu wamejikinga mvua, na Heche miongoni mwao. Bingwa wao angefika akiisukuma pikipiki kwa mikono.

"Mafuta sina," alisema.

"Hata ya kufika Tarime?"

"Hata ya kufika sheli. Si unaona viatu, nimerudi nasukuma."

Nchagwa alitazama viatu, akaamini. Wegesa alinitazama mimi. Nilijua tangi lilikuwa limejaa. Neno moja lingetosha, hata kikohozi. Nikageuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma.

"Haya dada, siyo kosa lako," Nchagwa alisema, akaondoka kwa miguu, suruali ameikunja hadi magotini.

Mama yake alifariki alfajiri. Yeye alifika saa nne asubuhi, baada ya kutembea na kudandia lori la mchanga, akakuta maturubai yameshafungwa. Alitusimulia mwenyewe aliporudi wiki moja baadaye, kichwa kimenyolewa. "Walimwambia nakuja kwa pikipiki," alisema. "Basi kila akisikia pikipiki barabarani anauliza, ndiye huyo?" Alisema taratibu, bila kumlaumu mtu. Halafu akachukua mfuko aliokuja nao, akatoa chupa kubwa ya maji iliyojaa petroli, akampa Wegesa kwa mikono miwili.

"Hii iweke akiba, dada. Siku mwingine akija na shida kama yangu, isikwame kwa mafuta."

Wakati huo matairi ya kashata yalikuwa yamesharudi. Wegesa aliyafuata asubuhi ile ile ya Ijumaa, akaisukuma pikipiki katikati ya kijiwe na Heche akasema yote aliyotaka kusema. Odongo aliyashusha matairi, akafuta chaki kwa kiganja. Yale laini aliyatundika kwenye msumari ule ule. Wegesa hakuyafuata tena, wala hakuingia tena kwenye mbio. Ndama alimpeleka kwa baba yake na sijawahi kumsikia akimtaja.

Nilidhani ile chupa ingekuwa moja. Lakini Nchagwa alileta nyingine mwezi uliofuata, na nyingine. Akipata chochote shimoni, alinunua sabuni, sukari, na chupa ya Wegesa. Mwanzoni Wegesa alizipanga chini ya kitanda mpaka shangazi akamwambia atatuchoma wote. Hakuweza kuyatia mafuta hayo kwenye tangi lake. Akaanza kuzibeba kijiweni, na dereva yeyote aliyeishiwa njiani alipewa bure. Ikajulikana. Watu wakasema kuna mafuta ya Wegesa. Kanisani katekista alimsifu mbele ya waumini, nikamwona ameinamisha kichwa, nao wakasema tazama na unyenyekevu wake. Heche mwenyewe alipewa chupa siku moja kwenye mlima, na tangu hapo humwita "dada mkubwa" bila mzaha.

Sisi wawili hatukuzungumza juu ya jambo hilo hata mara moja. Mimi si msemaji. Ajira yangu ilipotoka nilipangiwa shule karibu na Ikoma, upande wa Serengeti, na kila likizo nilirudi kwa shangazi. Kila niliporudi, asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti ya mafuta yakicheza ndani ya tangi.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, shimo la Nchagwa lilifungwa. Aliuza zana zake, akaamua kurudi Susuni kulima moja kwa moja. Alikuja kwa Wegesa jioni, amekaa kwenye kigoda, anacheka.

"Dada, safari hii utanipeleka. Mafuta nimenunua mimi, kwa hiyo huna pa kukimbilia."

Wegesa naye alijaribu kucheka.

Asubuhi yake alitikisa pikipiki mara nyingi kuliko kawaida. Nchagwa alipokwenda kuwaaga majirani, Wegesa alikuja kizingitini nilipokuwa nimekaa. Alikuwa amevaa koti lake zuri.

"Leo namwambia," alisema. "Pale kwenye mlima, kabla ya kuingia kwao. Nitasimamisha nimwoneshe mahali ambapo tairi zile zisingepanda. Akitaka kunipiga, anipige kwao."

Niliitikia kwa kichwa. Wakaondoka, godoro la Nchagwa limefungwa nyuma kwa mpira, yeye katikati, mikono mabegani mwa Wegesa kama mtoto.

Siku hiyo sikusoma. Nilifikiri kwamba naye akishasema, nami itanibidi nimwendee Nchagwa, nimwambie kwamba nilikuwa nimekaa hapa, na nilijua. Nilipanga maneno. Sikuwa na hakika kama niliogopa kwamba hatasema au niliogopa kwamba atasema.

Wegesa alirudi jua likiwa bado juu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa na mfuko wa mahindi mabichi ya Susuni, akauweka mbele yangu. Aliegesha, akakaa chini ukutani, akanyoosha miguu. Nilimwacha anywe maji. Halafu nikauliza, na ndilo swali pekee nililowahi kumuuliza juu ya jambo hilo.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia," alisema. "Barabara ilikuwa kavu. Tukapanda mlima vizuri, akanishukuru."