Alama Juu ya Themanini

Marehemu mume wangu Asukile alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: kufuta. Mwanaume mwingine akirudi nyumbani anaulizia chakula. Yeye aliulizia kitambaa. Pikapu yake aliinunua kwa padre wa Madibira aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo hapa Rujewa hapakuwa na plastiki iliyopendwa kama ya indiketa zake, na ile angavu inayofunika spidomita mbele ya usukani. Inzi akitua juu yake aliteleza, akaondoka akichechemea. Nimemwona kwa macho yangu. Trafiki mmoja alikuwa anamsimamisha kila wiki, si kwa kosa, ila aweke kofia yake sawa akijitazama kwenye indiketa. Na ng'ombe mmoja wa Usangu alijiona humo, akajua ni mzuri, akagoma kuchungwa na wenzake. Asiyeamini aje, wajukuu wa huyo ng'ombe wapo na maringo ni yale yale.

Mimi ni mtoto wa Kalenga, kwa Wahehe wa Mkwawa, na shuleni sikwenda hata kuomba moto. Namba nilizonazo nilizisoma kwenye ile spidomita, nimekaa kiti cha abiria, magunia ya mpunga nyuma. Asukile alinionyesha mshale kwa kidevu.

"Ishirini hiyo, Mama Ombeni. Matope ya Madibira."

Arobaini ilikuwa vumbi. Sitini ilikuwa lami. Themanini ilikuwa tumechelewa ibada. Baada ya themanini sijui kitu, na kosa ni langu mwenyewe.

Sisi wanawake wa hapa tunasugua sufuria kwa majivu ya pumba za mpunga. Mashine za kukoboa zinatutupia pumba milima kwa milima, na majivu yake yakipita kwenye sufuria unahesabu meno yako humo. Basi siku moja Asukile alirudi safari na homa, akalala. Nikasema leo nimfurahishe. Nikachukua majivu yangu na gunzi la hindi, nikaingia garini, nikaanzia upande wa kulia wa ile plastiki. Nilisugua kwa upendo wote. Nilipopangusa kwa maji ili nione mng'ao, nikaona ukungu wa Juni juu ya milima ya Mbeya.

Asukile akatoka na blanketi begani. Akainama dirishani. Akaitazama plastiki muda wa jogoo kuchumbia na kuoa.

"Mkwawa alipigana na Wajerumani," akasema mwishowe. "Wewe mjukuu wake umekuja kupigana na plastiki yangu."

"Nilitaka ing'ae, Baba Ombeni."

"Imeng'aa mpaka imepofuka."

Hakunigombeza. Alikifungua kifuniko kile kwa bisibisi, akakilaza kwenye beseni la maji ya sabuni kama anaogesha mtoto mchanga. Plastiki si sufuria, akasema. Kwanza maji mengi, vumbi lishuke lenyewe, maana ukiifuta ikiwa kavu, vumbi hilo hilo ndilo msasa wako. Petroli usiilete karibu. Kitambaa kiwe fulana ya pamba iliyofuliwa mpaka imechoka. Halafu dawa ya meno nyeupe, kiasi cha punje ya harage, na kidole kizunguke duara ndogo ndogo, nyepesi, kama unambembeleza kifaranga. Suuza. Tazama. Rudia.

Jumapili ngapi zile! Tukitoka ibadani tunakaa kibarazani, yeye anazungusha kidole, mimi nasuuza, tunasengenya kwaya. Plastiki ikarudi kuwa kama maji ya kisima, isipokuwa kulia, kuanzia pale themanini inapoishia. Pakabaki alama nyeupe, kama ganda la yai.

"Hii haitoki," akaniambia. "Utazeeka nayo."

Karibu miaka arobaini alinitania kwa alama ile. Abiria akimwambia aongeze mwendo, anajibu, "Siwezi, mke wangu amefunga barabara baada ya themanini." Ndiyo maana hakupata ajali hata moja.

Alituacha mwaka juzi. Mwaka huu mjukuu wangu Eveline akapata mchumba Iringa, na mwanangu Ombeni akaamua bibi harusi apande pikapu ya babu yake. Akamwita fundi Brayson kutoka Mbeya aje kuing'arisha. "Kila alama itoke," akamwambia mbele yangu.

Koti la Asukile lipo, jembe lake lipo. Lakini utani wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, pale kulia. Nikaona haya kusema. Mama mzima unalilia ukungu?

Brayson ni mwanaume wa ndevu, ana mikono mitaratibu, na indiketa alizifanya vizuri. Kisha akakifungua kile kifuniko. Nikamsogelea.

"Baba, hiyo usijisumbue. Haitoki. Fundi mkubwa kuliko wewe alishindwa."

Akakiinua juani, akakigeuza huku na huku, akacheka.

"Bibi, nani alikuwa anasafisha hiki?"

"Marehemu babu yako."

"Alinizidi kweli. Plastiki ya umri huu, haina mkwaruzo! Lakini hapa hakushindwa, Bibi. Tazama ukingo wake." Akapitisha kucha polepole. "Amepazunguka. Kila akisafisha anafika hapa, anapinda. Hii iko juu juu tu, dawa ya meno na dakika kumi inatoka. Ameiacha makusudi."

Nikakaa juu ya ndoo. Mimi niliyedanganya nusu ya wilaya hii ya Mbarali, nimedanganywa miaka arobaini, tena na mtu mpole ambaye uongo nilidhani hata akiazimwa hajui kuutumia!

"Muongo mkubwa wewe!" nikamwambia marehemu.

"Sikudanganyi, Bibi! Naitoa sasa hivi uone." Brayson akashika dawa.

"Weka chini."

"Lakini kaka Ombeni amesema kila alama..."

"Ombeni nimemzaa mimi. Weka chini, unipe hiyo fulana."

Ombeni aliposikia kelele akaja. "Mama, sasa dereva ataonaje mwendo?"

"Ataona mpaka themanini. Kanisa halikimbii."

Nikaloweka, nikasuuza, nikatia dawa kiasi cha harage. Kidole changu kimezeeka, lakini duara kinazijua. Nikafika pale kwenye alama, nikapinda.

Eveline alifika kanisani salama, na mimi nikiwa pembeni yake naangalia mshale. Jackline, mjukuu anayeniandikia haya, anasema kwa hesabu zake mimi nina miaka themanini na mitatu. Namwambia aache uongo, kazi hiyo ni yangu mimi. Baada ya themanini hakuna namba, pana ukungu tu, na aliyeuacha alijua kwa nini.