Nepi Kumi na Nane na Pasi ya Makaa

Nilishinda. Nasema mapema ili mtu asije kuniuliza kama mama mkwe wangu alikubali. Alikubali, ila kabla ya hapo alinitoa jasho, na mgongo wangu una alama hadi leo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Likasi, upande wa Kikula. Binti yetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mke wangu hakuweza kuinama, kwa hiyo mama yake alikuja kutoka Mwadingusha kumuuguza. Tulianza na zile nepi za duka, za kutupa, ambazo huku huitwa kushi. Wiki tatu hazijaisha, mapaja ya mtoto yakawa mekundu, ngozi ikaanza kubanduka, na kila alipokojoa alilia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi wa zahanati akasema ngozi yake haizivumilii, avalishwe pamba. Nilirudi nikachukua flaneli nyeupe niliyokuwa nimeiweka, nikakata nepi kumi na nane, nikazikunja pindo na kuzishona. Sijawahi kushona suruali ya mteja yeyote kwa uangalifu ule.

Mama mkwe hakufurahi. Yeye ni mtu wa heshima za zamani, hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Maneno yote aliyapitisha kwa binti yake, hata mimi nikiwa nimekaa palepale.

"Ambia bwana yako," alisema huku akitazama ukuta, "bantu ya leo banavalisha mutoto kushi ya duka. Vitambaa ni ya kuletea mutoto funza."

Hakuwa anasema upuuzi. Nzi wa huku hutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa. Ukiivaa bila kuipiga pasi, funza huingia ngozini na kukaa humo kama jipu. Mmoja wa wanawe aliwahi kukamuliwa funza mgongo mzima akiwa mchanga, na kile kilio hakijamtoka masikioni.

"Umwambie tena," aliendelea, "kama minye naona kajipu kamoja tu pa mwili ya mutoto, ile dimanche ya kurudi kwangu tunaenda shiye bote batatu. Yeye atabakia na pasi yake."

Yaani Jumapili ya kuondoka angewachukua mke wangu na mtoto, na alikuwa amebakiza wiki mbili. Mke wangu alicheka, mimi sikucheka. Mama mkwe akisema amesema, na nyumba bila mtoto yule nilikuwa siwezi tena kuiwazia.

Basi nikawa dobi. Kila asubuhi nilifua, nikachemsha nepi kwenye sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikasuuza mara tatu, nikaanika. Zikikauka nilizipiga pasi pande zote mbili, na kwenye pindo nilikandamiza zaidi, maana mayai hupenda kujificha huko. Jirani mmoja akanipigia kelele kutoka barabarani: "Papa, leo weye njo mama?"

"Leo na kesho!" nikamjibu, na nikaanika iliyofuata.

Siku ya nne wekundu ukapungua. Siku ya saba ngozi ilikuwa laini, mtoto anakojoa bila kulia. Nilitamani kuwaita majirani wote waje waone makalio yale.

Halafu umeme ukakatika, tena katika mvua.

"Ambia bwana yako courant imeenda," mama mkwe akasema, utadhani nilikuwa sijaona giza.

Nikaleta kutoka kibandani pasi ya makaa ya marehemu baba yangu. Ni nzito, mfuniko wake haufungi sawasawa, na ukizubaa inatema majivu. Nilitandaza kitambaa kibichi juu ya kila nepi ili isichafuke, nikakandamiza mpaka mvuke unapanda. Siku tano mfululizo, nepi kumi na nane, hakuna iliyonikwepa. Nywele zangu zilinuka moshi.

Jumamosi, siku moja kabla ya mama mkwe kuondoka, mke wangu aliniona nikijikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango. Akanivuta chumbani, akainua shati, akapiga ukelele: "Funza!"

Uani ndoo ilianguka. "Minye nilisema! Nilisema!" Nilimsikia mama mkwe akianua nguo za mtoto kutoka kwenye kamba, anazitia kwenye begi lake.

"Mama, hapana mutoto!" mke wangu akapaza sauti. "Ni papa! Funza iko pa mugongo ya papa!"

Begi likatua chini. Halafu kicheko cha mama mkwe, kirefu, cha kukosa pumzi.

Kinyozi hajinyoi. Nilikuwa nimepiga pasi kila kitambaa kinachomgusa binti yangu, na shati langu nikalianua kwenye kamba na kulivaa hivyohivyo, bichi. Mama mkwe hawezi kumwona mkwe wake kifua wazi, kwa hiyo alisimama nyuma ya pazia akatoa amri.

"Mupakale mafuta pale pa tundu. Ngoja. Sasa kamua! Usimusikilie huruma!"

Mke wangu hakunihurumia hata kidogo.

Jumapili asubuhi mama mkwe alimlaza mtoto juani, juu ya mkeka, akamvua kila kitu. Alimgeuza, akapitisha kidole shingoni, kwapani, katika kila mkunjo wa paja. Nilisimama pembeni, nikikifuata kidole kile kwa macho. Hakupata hata kipele.

Akainua kichwa. Hakutazama ukuta. Alinitazama mimi.

"Bukwe," alisema, ndivyo tunavyomwita mkwe, "weye njo fundi. Mutoto iko muzuri."

Hakutafuta mtu wa kupitishia maneno. Akatoa nguo za mtoto kwenye begi, moja moja, akaziweka mkekani, akaondoka na vitu vyake tu.

Nilimpakata binti yangu, naye akanikojolea papo hapo, nami nikacheka peke yangu uani. Kisha nikawasha makaa. Mara hii nilianza na shati langu.