Shangazi Sentimita na Viuno Vilivyopungua Winguni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Sentimita. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Ameenda nayo msibani, ameenda nayo benki, na nina wasiwasi analala nayo. Ukitembea naye barabarani usitegemee maongezi, maana anakagua watu. "Yule kaka bega la kushoto limeshuka." "Yule dada ni mia na nne, kajibana kwenye tisini na nane. Anateseka kimyakimya." Ameshona miaka ishirini na tatu na hajawahi kurudishiwa nguo hata moja. Jina lake liko hapo, na analilinda kuliko mboni ya jicho.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nina cheti cha kompyuta, simu yenye kioo kilichopasuka, na mdomo. Ananiita Injinia, na akilitamka hilo jina utadhani anatema pini.

Sasa, ile chai ilikuwa yangu, sikatai. Meza ilikuwa yake, na juu ya meza kulikuwa na daftari lake la vipimo vya wateja wa miaka tisa, kwa wino wa buluu na alama anazozielewa yeye na Muumba wake tu. Nilikuwa namwonyesha video ya paka anayeogopa tango. Kikombe kikaenda. Wino nao ukaenda.

"Usiguse," alisema nilipotaka kupangusa. "Umeshasaidia vya kutosha."

Mtu mwenye akili timamu angeomba radhi akaondoka. Mimi nikaona fursa.

"Shangazi, haya yasingetokea kama kazi yako ingekuwa kwenye wingu."

Nikamweleza, na nilieleza vizuri, hapo sijivunjii heshima. Wingu ni kompyuta kubwa za watu wengine, zimewekwa mbali huko, zinalindwa, na umeme haukatiki. Badala ya kununua mashine yako ikuzeekee dukani, unakodi kanafasi kule. Wateja wakiwa wachache unatumia kidogo, wakiongezeka unaongeza. Simu ikitumbukia chooni, kazi haijatumbukia. Tena fundi wa vifungo, anayekumalizia nguo kule upande wa pili wa mji, ataona kipimo kilekile dakika ileile, badala ya nyie wawili kupigiana simu mkizozana, "nilisema sitini," "ulisema sabini."

Hilo la fundi wa vifungo lilimgusa. Kuna koti moja lilishawahi kutoka na mikono kama ya mtu mwingine kabisa, wakaligundua usiku wa mwisho kabla mteja hajaliona.

Nilijiandaa kwa swali la mvua, maana kila mtu huuliza la mvua. Yeye akatoa pini mdomoni, akauliza:

"Na ufunguo anao nani?"

"Ufunguo gani tena, shangazi? Hilo ni wingu, si stoo."

"Vitu vya watu vikiwekwa mahali, pana mlango. Mlango una ufunguo. Nauliza anao nani."

"Hayo niachie mimi."

Hiyo sentensi naomba muishike.

Tukahamisha kila kilichosomeka, tukakiweka kwenye jedwali moja zuri, kila mteja na mstari wake. Na jamani, ilifanya kazi! Fundi wa vifungo aliacha kupiga simu za ugomvi. Shangazi akawa anaangalia vipimo akiwa sokoni. Mimi wiki mbili nzima nilitembea kama mtu aliyegundua moto.

Ndipo ikaja kwaya ya wauguzi. Wanawake ishirini na wawili, magauni ya zambarau, mashindano Jumamosi. Kitambaa walileta wenyewe, kimehesabiwa mita kwa mita, na duka walikonunua lilikuwa limekimaliza. Ukikata vibaya gauni moja, huna pa kukimbilia. Jumatatu jioni shangazi akaenda mazoezini kwao akawapima wote, na vipimo vikaingia moja kwa moja kwenye simu, kwa kuwa daftari bado lilikuwa limekunjamana kama uso wangu siku ya mtihani.

Jumanne simu hazikukoma. "Fundi, langu limefika wapi?" "Fundi, la kwangu umeshakata?" Injinia nikaibuka na suluhisho. Nikaongeza safu kwenye jedwali: halijakatwa, linashonwa, tayari. Nikachukua linki, nikaitupa kwenye grupu la kwaya, kila mtu ajionee mwenyewe. Wingu likaniuliza: mwenye linki atazame tu, au aweze na kubadilisha? Nikasema abadilishe, ili kila mmoja arekebishe herufi za jina lake. Nikajiona mkarimu sana. Nikaenda kulala.

Jumatano asubuhi nilikuta shangazi amesimama mezani, kitambaa kimetandazwa, mkasi umefungua mdomo. Hakuwa anakata.

"Injinia. Njoo."

Aliniita taratibu. Shangazi akiita taratibu, ujue kumeharibika.

"Mwalimu wa kwaya Jumatatu alikuwa na kiuno. Leo anacho nusu. Ameugua?"

"Labda uliandika vibaya."

"Mimi?"

Nikaomba msamaha kwa hilo kwanza.

"Na huyu," akateremsha kidole kwenye kioo. "Na huyu. Na huyu hapa. Watu ishirini na wawili, hakuna kiuno kilichovuka themanini. Hii ni kwaya au mashindano ya urembo?"

Mmoja alikuwa amefika hamsini na nane, kiuno cha nyigu. Nikaanza kutoka jasho sehemu ambazo sikujua zina jasho.

"Shangazi, nadhani wameingia."

"Wameingia kwa mlango upi?"

Nikatazama cherehani. Nikatazama pasi. Hakuna aliyenitetea.

"Niliuacha wazi."

Nilitegemea kelele. Yeye akaweka mkasi chini, akakaa.

"Miaka ishirini na tatu sijatamka kipimo cha mtu kwa sauti. Namzungushia tepu, naandika, nafunga daftari. Mume wake hakijui, dada yake hakijui. Wewe umewaanika ishirini na wawili uwanjani, wakitazamana, halafu tushangae wamejifunika?"

Mazoezi yao mengine yalikuwa Ijumaa jioni, na wauguzi wenyewe wanafanya kazi kwa zamu, ukimpata huyu yule kalala. Kuwapima upya kusingewezekana. Kukata kwa namba zile ingekuwa magauni ishirini na mawili yasiyopanda kupita magoti, na kitambaa basi tena. Nguo ya kwanza kurudishwa katika maisha yake ingerudi na wenzake ishirini na mmoja.

Ndipo nikakumbuka kwamba wingu lina akili kuliko mimi, jambo ambalo ningepaswa kulitegemea tangu mwanzo. Halisahau. Kila namba iliyobadilishwa, limeweka ya zamani na saa yake. Nikafungua historia ya mabadiliko, nikachagua Jumatatu, saa moja na nusu jioni, nikabonyeza rudisha.

Viuno vikarudi vyote kwa mpigo, kama wafanyakazi waliotoka likizo.

"Hiyo," shangazi alisema polepole, "daftari langu lisingeweza."

"Hata bila chai," nikajaribu.

Akanitazama.

Akavaa miwani, akavuta ile orodha ya mabadiliko. "Na majina ya waliobadilisha yameandikwa?"

"Hapana, walioingia kwa linki bila akaunti hawatajwi. Unaona? Mtu asiyejulikana. Mtu asiyejulikana."

"Afadhali. Siri yao imebaki kwao." Kidole kikaendelea kuteremka, kikapita Jumatatu, kikaingia wiki ya nyuma. Kuna jambo nikalikumbuka, kwa kuchelewa. "Ila huyu ana jina. Ana na picha. Kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba."

Mimi nina mstari wangu kwenye lile jedwali. Shangazi alikuwa ananishonea shati la usaili wa kazi. Kifua: themanini na sita. Wiki iliyopita, bila kuonekana na yeyote, bila kushawishiwa na yeyote, nilikirekebisha kikawa mia na mbili.

"Injinia, hiki kifua umekipata wapi?"

"Nafanya mazoezi, shangazi."

"Ya nini? Ya kumwaga chai?"

Alicheka mpaka kopo la pini likadondoka. Alipomaliza akaninyang'anya simu, akanigeuzia mgongo, akabadilisha paswodi mwenyewe. Siku hizi wateja wanaona jina na "tayari" au "bado", basi. Mimi nikitaka kuingia, nabisha hodi.

Akakata na kushona kuanzia Jumatano ile hadi Ijumaa. Jumamosi magauni yalikaa kama yamemwagwa mwilini. Mwalimu wa kwaya alizunguka mara mbili mbele ya kioo cha duka. "Fundi, hata sijui umejuaje."

"Ni tepu tu, mama," shangazi akajibu, uso mkavu.

Shati langu nalo likawa tayari. Limenyooka, mishono kama ya mashine ya kiwandani, kola ya heshima. Na ndani yake angeweza kuingia mpangaji. Nikamkimbilia.

"Shangazi, kifua!"

"Tumerudisha nakala ya Jumatatu. Wewe ulijibadilisha wiki ya nyuma yake. Wingu linasema mia na mbili, mimi nimeshona mia na mbili."

"Basi lipunguze kidogo."

Cherehani ikanyamaza. Fundi wa vifungo, aliyekuja kuchukua kazi, akageuka kunitazama. Wateja wawili pale benchini nao wakageuka.

"Yaani," akauliza taratibu, "unarudisha nguo?"

Miaka ishirini na tatu, jamani. Mngekuwa nyie mngesemaje?

Nikalivaa. Feni ikavuma, likajaa kama hema.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Limenikaa."